Rejeo ni Anwani: Akili Mnemba na Kazi ya Kutafuta Maandishi ya Kisayansi

Kila makala ya kisayansi iliyoandikwa vyema huishia kwa orodha ya marejeo. Wasomaji wengi, hasa wanafunzi, huichukulia orodha hiyo kuwa ni desturi tu, mithili ya saini iwekwayo chini ya barua. Kumbe orodha hiyo ni sehemu ya hoja yenyewe. Rejeo hutaja jina la mwandishi, mwaka, kichwa cha makala, jina la jarida, juzuu na kurasa. Kwa kutaja hayo yote mwandishi humwambia msomaji wake: neno hili sikulizua mimi, nenda mahali fulani ukajionee mwenyewe. Rejeo, basi, ni anwani ya nyumba. Anwani ya kweli humfikisha mgeni mlangoni. Anwani ya uongo humwacha njiani akiuliza watu wasiojua kitu.

Tarehe 30 Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani iliufungulia umma mtambo wake uitwao ChatGPT. Tangu hapo mitambo mingine ya jinsi hiyo imetokea, na leo mwanafunzi mwenye simu anaweza kuuandikia mtambo swali lolote, naye akapata jibu refu, lenye lugha laini, kabla hajamaliza kunywa maji yake. Taaluma hii huitwa akili mnemba, na wengine huiita akili bandia au akili unde. Akiomba marejeo, atapewa marejeo. Swali linalotuhusu hapa ni hili: je, marejeo hayo ni anwani za nyumba zilizopo?

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa nini mtambo wa namna hiyo unaweza kutaja maandishi yasiyopata kuandikwa, na kuonyesha jinsi mwalimu na mwanafunzi wanavyoweza kuutumia bila kudhurika wala kuwadhuru wengine.

Kazi ya kutafuta maandishi

Kabla mtafiti hajapima chochote, humpasa kujua wenzake wamekwisha kufanya nini. Kazi hii humwokoa asirudie jambo lililokwisha kuthibitishwa. Humwonyesha mahali wataalamu wanapopingana. Na humfundisha njia za upimaji zilizofaa na zile zilizoshindwa. Mtafiti asiyeifanya kazi hii hufanana na mtu anayechimba kisima bila kuwauliza wenyeji wapi maji yalipatikana na wapi yalikosekana.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanyika maktabani, kwa kupekua visanduku vya kadi na faharasa zilizochapwa. Mwaka 1964 Mmarekani Eugene Garfield alianza kuchapisha Science Citation Index, faharasa iliyomwezesha mtafiti kuona ni makala zipi za baadaye zilizoitaja makala fulani ya zamani. Baadaye kompyuta ziliirahisisha kazi hiyo. PubMed, iliyo hazina ya taarifa za maandishi ya tiba na baiolojia, ilianza mwaka 1996. African Journals Online, inayokusanya majarida yachapishwayo barani Afrika, ilianza mwaka 1998. Na Google Scholar ilianza mwaka 2004.

Vyombo hivyo vyote, tangu kadi hadi Google Scholar, vina tabia moja: kila kimoja ni orodha ya maandishi yaliyokwisha kuandikwa. Kadi yaweza kuwa na kosa la herufi, na faharasa yaweza kukosa kitu ukitafutacho. Lakini kwa kawaida nyuma ya kila kadi kipo kitabu. Mtambo utungao maneno hauna tabia hiyo, na hapa ndipo penye kiini cha jambo letu.

Jinsi mtambo unavyotunga

Mtambo wa aina hii hulishwa matini nyingi mno: vitabu, magazeti, makala za kitaalamu na kurasa za intaneti. Matini hizo hukatwa katika vipande vidogo vya maneno. Kisha mtambo huzoezwa kufanya kazi moja mara nyingi zisizohesabika: kupewa vipande vilivyotangulia na kukisia kipande kitakachofuata. Kila ukosapo, namba zilizomo ndani yake hurekebishwa kidogo. Namba hizo, ziitwazo vigezo, ni nyingi ajabu. Mtambo wa GPT-3 uliotangazwa mwaka 2020 ulikuwa na vigezo bilioni 175. Muundo utumiwao na mitambo mingi ya leo ulielezwa mwaka 2017 katika makala ya watafiti wa kampuni ya Google.

Tutoe mfano mdogo. Tuseme mtambo umepewa maneno haya: "Maji safi huchemka katika nyuzi za Selsiasi..." Kwa kuwa katika matini uliyolishwa maneno hayo hufuatwa mara nyingi na 100, mtambo utaandika 100. Jibu hilo ni sahihi kwa mtu aliyeko Tanga au Mombasa, usawa wa bahari. Lakini mwanafunzi aliyeko Nairobi, kwenye kimo cha mita zipatazo 1,700 na zaidi, akiweka kipimajoto katika sufuria yake ataona maji yakichemka karibu na nyuzi 94, kwa kuwa kanieneo ya hewa huko ni ndogo. Mtambo haukusema uongo kwa makusudi. Ulitoa jibu la kawaida, na jibu la kawaida si lazima liwe jibu la kweli mahali ulipo.

Sasa uuombe mtambo huo huo ukupe rejeo. Katika matini uliyolishwa umeona marejeo mengi sana, na umejifunza sura yao: jina la ukoo, herufi za kwanza, mwaka, kichwa chenye maneno ya kitaalamu, jarida, juzuu, kurasa. Kwa hiyo unaweza kutunga rejeo lenye sura hiyo kwa ufasaha ule ule unaotungia barua au hadithi. Iwapo rejeo la kweli lilijitokeza mara nyingi katika matini zake, yaelekea utalitoa sawasawa. Iwapo lilijitokeza mara chache, au halikuwamo kabisa, utaliziba pengo kwa vipande vyenye uwezekano mkubwa: jina la mtaalamu anayejulikana katika fani hiyo, jarida linalofaa, mwaka unaokubalika. Matokeo yake ni rejeo lenye sura zote za ukweli, ila halina nyumba.

Wataalamu wa nchi za Magharibi wameliita jambo hili kwa neno lenye maana ya maruweruwe. Jina hilo laweza kumpotosha msomaji, maana mgonjwa wa maruweruwe ni mtu aliyeacha hali yake ya kawaida. Mtambo unapotunga rejeo la uongo haujaacha hali yake ya kawaida. Unafanya kazi ile ile uifanyayo unapotoa rejeo la kweli. Ndiyo sababu lugha ya jibu haiwezi kukuonyesha tofauti. Ukweli na uzushi hutoka kwa sauti moja.

Mitambo ya hivi karibuni mara nyingi huunganishwa na vyombo vya kutafutia: kwanza huleta kurasa kutoka intaneti, kisha hutunga muhtasari wake. Mpango huu hupunguza marejeo ya uzushi, lakini hauyaondoi mashaka yote. Makala inayotajwa yaweza kuwapo kweli, na hata hivyo isiwe imesema lile linalodaiwa kuwa imelisema.

Mambo yaliyokwisha kutokea

Mwaka 2023 William H. Walters na Esther Isabelle Wilder walichapisha katika jarida la Scientific Reports matokeo ya uchunguzi wao. Waliuagiza mtambo wa ChatGPT kuandika insha fupi 84 juu ya mada 42, kisha wakayakagua marejeo 636 yaliyomo. Katika marejeo yaliyotolewa na toleo la GPT-3.5, asilimia 55 yalikuwa ya kubuni; katika yale ya toleo la GPT-4, asilimia 18. Zaidi ya hayo, hata miongoni mwa marejeo ya maandishi yaliyopo kweli, mengi yalikuwa na makosa ya maana. Takwimu hizo ni za matoleo ya wakati huo na zisichukuliwe kuwa kipimo cha kila mtambo wa leo. Funzo lake lakini ni wazi: toleo lililo bora hupunguza kosa, wala halimwondolei mtumiaji wajibu wa kukagua.

Katika mwaka huo huo wa 2023 mjini New York palitokea kesi iliyojulikana duniani kote. Abiria mmoja alikuwa akilidai shirika la ndege la Avianca fidia ya kuumia safarini. Mawakili wake walipeleka mahakamani hoja iliyotaja hukumu kadhaa za zamani, na sita kati yake hazikuwahi kutolewa na mahakama yoyote. Zilitungwa na ChatGPT. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba wakili aliuuliza mtambo wenyewe kama kesi hizo zilikuwa za kweli, nao ukamjibu kuwa ni za kweli. Tarehe 22 Juni 2023 hakimu P. Kevin Castel aliwatoza mawakili hao na ofisi yao faini ya dola 5,000. Shahidi hawezi kujithibitisha kwa kurudia maneno yake mwenyewe. Kuuliza mtambo, "Je, una hakika?" ni kumrudia shahidi yule yule.

Wala mtu asidhani kwamba kuulisha mtambo maandishi ya kisayansi kungetosha kuliondoa tatizo. Mwezi Novemba 2022 kampuni ya Meta ilitoa mtambo ulioitwa Galactica, uliolishwa makala, vitabu vya kiada na maandishi mengine ya kitaalamu yapatayo milioni 48. Wanasayansi waliujaribu wakaonyesha jinsi ulivyotunga maelezo ya uongo yenye sura ya makala za kisayansi, na baada ya siku tatu ukaondolewa hadharani.

Mfano ulio karibu nasi

Yafaa tuchukue mfano wa mwanafunzi anayetaka kuandika juu ya jambo linaloitwa athari ya Mpemba. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, aliyekuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, aliona kwamba mchanganyiko wake wa maziwa ya kutengenezea aiskrimu, alioutia katika jokofu ukiwa moto, uliganda kabla ya mchanganyiko wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, sababu ya jambo hilo. Wenzake walimcheka. Osborne hakucheka, alikwenda kulipima.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, juzuu 4, namba 3, kurasa 172 hadi 175. Waandishi ni Mpemba na Osborne, kwa utaratibu huo. Kichwa cha makala ni neno moja tu la Kiingereza na alama ya kuuliza: "Cool?"

Tazama sasa ugumu uliopo. Kichwa hicho si cha kawaida. Mtambo unaokisia kwa kufuata mazoea una kishawishi cha kutoa kichwa kirefu kinachotaja maji, joto na kuganda. Aidha, mwaka huo huo wa 1969 mwanasayansi wa Kanada, G. S. Kell, alichapisha makala yake juu ya kuganda kwa maji moto na maji baridi katika American Journal of Physics, juzuu 37. Ni rahisi kwa mtambo kuchukua jina la mmoja na jarida la mwingine. Mwanafunzi anayenakili rejeo kama hilo atakuwa amepoteza zaidi ya maksi. Atakuwa amelifuta jina la kijana aliyethubutu kuuliza mbele ya waliomcheka, jina ambalo rejeo la kweli limelihifadhi mahali pa kwanza.

Lipo na jambo la pili. Je, athari hiyo ipo kweli? Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walieleza katika Scientific Reports kwamba hawakupata ushahidi wa kuridhisha wa kuwapo kwake katika maji yanayopoa, na wakaonyesha kwamba tofauti ndogo ya mahali pa kuweka kipimajoto yaweza kumdanganya mpimaji. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer walieleza katika jarida la Nature kwamba waliona athari ya namna hiyo, si katika kuganda kwa maji, bali katika chembe ndogo sana iliyodhibitiwa kwa ustadi maabarani. Mwenye kusoma makala zote ataona mjadala ulio hai. Mwenye kusoma jibu la mistari minne la mtambo aweza kudhani kwamba jambo limekwisha, ama kwa ndiyo ama kwa hapana.

Kosa la zamani, mwendo mpya

Haki inatudai tuseme kwamba marejeo ya uongo hayakuzaliwa pamoja na mitambo hii. Upo mfano mashuhuri uliochunguzwa na Profesa Anne-Wil Harzing. Kampuni ya uchapishaji ya Elsevier ilikuwa imewapa waandishi kielelezo cha jinsi ya kuandika rejeo, na katika kielelezo hicho ilibuni makala ya mwaka 2000 juu ya sanaa ya kuandika makala za kisayansi, katika jarida ambalo halikuwapo. Makala hiyo isiyokuwapo ilikuja kuonekana imetajwa karibu mara 400 katika maandishi ya watu. Wengi wa waliohusika yaelekea walisahau tu kuifuta mistari ya kielelezo.

Kilichobadilika ni mwendo. Zamani rejeo la uongo lilihitaji mtu mzembe; leo mtambo hutunga ishirini kwa dakika moja. Na rejeo la uongo likishaingia katika makala iliyochapishwa, huokotwa na mwingine, kisha na mwingine, na hatimaye mtambo mpya hulishwa makala hizo zote na kulihesabu kosa kuwa ni mazoea. Mwalimu atafakari hali ya darasa lake: maelezo yasiyokaguliwa aliyoyaandika ubaoni leo hunakiliwa katika madaftari sitini, na baadhi ya madaftari hayo yatatumiwa na wadogo zao wanafunzi mwakani.

Hatua za kufuata

Hatua zifuatazo hazihitaji mitambo ya gharama. Zahitaji subira.

Kwanza, andika swali lako mwenyewe kabla hujaufungua mtambo. Swali lisiwe "nieleze juu ya malaria," bali liwe na mipaka: ni aina gani ya mbu, katika mazingira gani, katika miaka gani.

Pili, uombe mtambo maneno ya kutafutia, usiuombe marejeo. Utumie kama mtu anayekuelekeza mtaa. Maneno ya kitaalamu utakayopata, pamoja na visawe vyake kwa Kiswahili, Kiingereza au Kifaransa, uyapeleke katika katalogi ya maktaba, PubMed, Google Scholar au African Journals Online.

Tatu, kila rejeo ulilopewa na mtambo, hata likionekana zuri namna gani, lichukue kuwa ni uvumi mpaka umelifikia. Makala nyingi za leo zina kitambulisho cha kudumu kiitwacho DOI, kinachoanza kwa tarakimu 10. Kile cha makala ya Mpemba na Osborne ni 10.1088/0031-9120/4/3/312. Ukikitazama utaona namba ya jarida lenyewe, 0031-9120, kisha juzuu ya 4 na toleo la 3. Kiingize katika ukurasa wa doi.org na utapelekwa kwenye makala. Kisha linganisha jina, mwaka na kichwa, kimoja kimoja, kwani mtambo waweza pia kutoa DOI ya kweli iliyo ya makala nyingine kabisa.

Nne, soma. Ikisiri pekee haitoshi pale unapotaka kuitegemea hoja. Tafuta sentensi au jedwali lenyewe linalosema unachodai, uandike na namba ya ukurasa. Usitaje maandishi ambayo hukuyasoma.

Tano, uliza kama makala hiyo bado inasimama. Makala ya mwaka 1998 katika jarida la Lancet iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji iliondolewa na jarida hilo mwaka 2010, baada ya kugunduliwa upungufu mkubwa wa kweli na wa maadili. Hata hivyo bado yapatikana, na maelfu ya maandishi huitaja. Hazina ya Retraction Watch, ambayo tangu mwaka 2023 inatolewa bure kwa wote kupitia Crossref, humsaidia mtu kujua makala zilizobatilishwa.

Sita, weka kumbukumbu: mtambo uliotumia, toleo lake, tarehe, swali ulilouliza na jibu ulilopata. Mwanasayansi huandika jina la mizani aliyopimia. Kwa nini asiandike jina la mtambo aliouuliza?

Mahali unapofaa

Isidhaniwe kwamba tunawakataza wanafunzi kuutumia mtambo. Yapo mambo ambayo mtambo huyasaidia vyema, hasa pale mtumiaji anapokuwa na kitu cha kulinganisha. Waweza kuupa aya ngumu ya makala uliyo nayo mkononi na kuuomba uifafanue, kisha ukarudi kwenye aya yenyewe na kuona kama ufafanuzi unalingana nayo. Waweza kuuomba upinge hoja yako, ili uone udhaifu wake. Waweza kuuomba ukutungie maswali ya kujipima. Waweza kurekebishiwa sarufi ya Kiingereza ulichoandika mwenyewe. Katika kazi hizi zote hakimu ni wewe, na ushahidi uko mbele yako.

Hatari huanza pale unapouuliza jambo usilolijua na usiloweza kulikagua, kisha ukalipokea. Na hatari hiyo si ya maksi tu. Kipimo cha dawa ya kutibu maji ya kisima cha shule, au kiasi cha kemikali za kuchanganya maabarani, kikikosewa, huumiza watu.

Maandishi yasiyomo mtamboni

Mitambo hii imelishwa hasa Kiingereza, na hasa yale yapatikanayo katika intaneti. Sehemu kubwa ya elimu yetu haimo. Tasnifu zilizo kwenye rafu za vyuo vikuu, taarifa za vituo vya utafiti wa kilimo, matoleo ya zamani ya majarida ya Kiswahili, madaftari ya mabwana shamba: mengi ya hayo hayajapata kupigwa picha wala kuingizwa katika kompyuta. Mwanafunzi akiuliza juu ya udongo wa wilaya yake, mtambo hautasema kwamba hakuna aliyeutafiti kwa kuwa umekagua rafu zote. Utajibu kwa kufuata kile kilichoandikwa kuhusu udongo wa kwingineko.

Kwa hiyo msemo wa wahenga una nguvu hapa: usiache mbachao kwa msala upitao. Maktaba ya mkoa, mkutubi wa chuo kilicho karibu, na ofisi ya kilimo ya wilaya ni vyanzo ambavyo mtambo hauwezi kuchukua nafasi yake. Na tukiyaacha maandishi yetu yafe kwa kutosomwa, tutakuwa tumewapa wengine kazi ya kutusimulia nchi yetu.

Jina la mwandishi

Kuweka jina juu ya maandishi ni kuahidi kuyajibia. Mtambo hauwezi kuitwa mbele ya baraza la chuo, wala hauwezi kuomba radhi. Kwa sababu hiyo, mwezi Januari 2023 jarida la Nature lilitangaza kwamba halitakubali mtambo wa namna hii uandikwe kuwa mwandishi wa makala, na mwezi Mei mwaka huo Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba ikaweka kanuni kama hiyo, pamoja na kuwataka waandishi waeleze jinsi walivyoutumia. Mwezi Septemba 2023 shirika la UNESCO lilitoa mwongozo wake kuhusu matumizi ya mitambo hii katika elimu na utafiti, na ndani yake likapendekeza umri wa miaka 13 uwe wa chini kabisa kwa matumizi darasani.

Kanuni hizo zaweza kutumika hata shuleni. Mwanafunzi aandike mwishoni mwa kazi yake mstari mmoja au miwili ya kueleza mtambo ulimsaidia katika nini. Mwalimu naye asimwadhibu kwa kusema kweli, maana adhabu ya namna hiyo hufundisha kuficha. Tena yatupasa tujihadhari tusiuandikie mtambo majina na siri za watu: orodha ya maksi za wanafunzi, taarifa za wagonjwa, au matokeo ya utafiti wa mwenzetu ambayo hayajachapishwa. Kilichoandikwa humo hakiko tena mikononi mwetu peke yetu.

Zoezi kwa darasa

Mwalimu aweza kulifanya somo hili katika vipindi viwili. Awagawe wanafunzi katika makundi ya watu watano. Kila kundi lichague mada moja ya mtaala, kwa mfano usanisinuru, kutu ya chuma au mawimbi ya sauti. Liuombe mtambo marejeo kumi juu ya mada hiyo. Ikiwa shule haina intaneti, mwalimu aweza kuyaandaa marejeo hayo mapema na kuyaandika ubaoni. Kisha wanafunzi wachore jedwali lenye safu sita: je, makala ipo; mwandishi ni sahihi; mwaka ni sahihi; jarida ni sahihi; inasema kinachodaiwa; bado inasimama. Waijaze safu kwa safu, watafute asilimia ya kila kosa, na walinganishe matokeo ya makundi. Kwa rejeo wasiloweza kulifikia, waandike waziwazi: halikufikiwa. Neno hilo nalo ni matokeo ya kisayansi, na darasa lililojifunza kuliandika bila aibu limejifunza jambo kubwa.

Jedwali hilo lihifadhiwe. Mwaka ujao darasa jingine lirudie zoezi kwa mtambo wa wakati huo, lilinganishe takwimu zake na za wenzao waliotangulia, na liandike mwaka, mada na idadi ya marejeo yaliyokaguliwa. Kwa njia hiyo shule yenyewe itakuwa na kumbukumbu yake ya utafiti, ambayo kila atakayetaka kuithibitisha ataweza kuiendea, akaifungua na kujionea.